KUMWEKEA BOSI WAKILI SI ROHO MBAYA!

Kimenuka mjini! Bosi lady mmoja mwenye wafuasi lukuki Insta na duka la nguo na mawigi lenye matawi mawili Dar aliingia laivu usiku wa manane, kope zote zimelowa. Kisa? Binti aliyekuwa anamsimamizia duka amemfungulia mgogoro CMA, na kibaya zaidi, ana wakili.

"Huyu ni mdogo wangu kabisa. Nimemtoa Mbagala hana hata viatu, nimemvalisha, nimemlisha, leo ananiletea wakili?" alisema huku akijifuta machozi.

Mashabiki wakavamia komenti. "Binadamu hana shukrani." "Maskini ukimpa mkono anataka bega." "Huyo kalishwa sumu na wakili njaa." Mpaka asubuhi binti alikuwa ameshachambwa mji mzima. Picha zake za miaka mitatu iliyopita zikachimbwa, na mimba yake ikajadiliwa kama vile wote walikuwepo.

Katika maelfu ya komenti, swali moja halikuulizwa: bosi alifanya nini mpaka binti wa watu akamtafuta wakili?

KILICHOTOKEA DUKANI

Wanaolijua duka lile wanasema hivi. Binti kafanya kazi pale miaka mitatu kamili. Anafungua saa 2 asubuhi, anafunga saa 3 usiku, siku sita kwa wiki. Mshahara 350,000, unaingia kwenye simu. Mkataba wa maandishi hakuna. Likizo hakuna, maana "sisi hapa ni familia".

Akapata mimba. Akamwambia bosi mapema, kwa heshima, dada na mdogo wake. Bosi akampongeza na kumkumbatia, na picha ikapostiwa na vikopakopa. Wiki tatu baadaye ikaingia meseji WhatsApp: "Mdogo wangu pumzika tu nyumbani, duka linahitaji mtu mwenye nguvu. Mungu akutangulie." Dakika chache baadaye akatolewa kwenye grupu la kazi.

Basi. Miaka mitatu imefungwa kwa meseji ya mistari miwili.

Huyo ndiye mnayemwita hana shukrani. Mtu aliyefukuzwa kwa sababu amebeba mimba, kwenye duka linalouza nguo za wajawazito!

SHUKRANI HAILIPI KODI

Hoja ya kwanza ya mashabiki ni kwamba bosi alimsaidia. Haya, tukubaliane alimsaidia. Lakini mshahara si msaada. Yule binti alisimama dukani saa 13 kwa siku, ilhali sheria inataja saa 45 za kawaida kwa wiki na zinazozidi hapo ni ovataimu ya kulipwa mara moja na nusu. Piga hesabu mwenyewe: siku sita kwa saa 13 ni saa 78. Kila wiki alikuwa anampa bosi saa zaidi ya 30 juu ya zile 45. Kati ya hao wawili, nani anamdai mwenzake shukrani?

Watu wanaongea kama vile haki ya mfanyakazi ni ofa ya Sikukuu. Hapana. Katiba ya mwaka 1977 inasema kwenye ibara ya 22 kwamba kila mtu ana haki ya kufanya kazi, na ibara ya 23 inazungumzia ujira unaolingana na kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, rangi, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, hali ya VVU, umri na mengine kadhaa. Na unyanyasaji kazini, ukiwemo ule wa kingono, sheria inauhesabu kuwa ubaguzi. Hapo wale mabosi wa "njoo tuongelee mshahara wako hotelini" wajisomee taratibu.

Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito si sababu halali. Hamna mjadala. Alitakiwa apate likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na kama angejifungua mapacha, siku 100. Yeye kapata "Mungu akutangulie".

"HANA MKATABA, HAWEZI KUSHINDA"

Hii ndiyo komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote, na ndiyo ya uongo kuliko zote.

Jukumu la kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi ni la mwajiri. Bosi akishindwa kuyaonyesha mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Maana yake bosi aliyekunyima mkataba hawezi kuutumia ukosefu wa mkataba kama ngao.

"Lakini hakuwa mfanyakazi, alikuwa ananisaidia tu kama mdogo wangu." Hii nayo ilisemwa laivu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeshaiwekea mtego. Kama unamfanyia mtu kazi chini ya maelekezo yake, au yeye ndiye anayepanga muda wako, au umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, au unamtegemea yeye kwa kipato, moja tu kati ya hayo likiwepo sheria inaanza kwa kukuchukulia kuwa mfanyakazi mpaka bosi athibitishe vinginevyo. Iwe ni duka, saluni, studio au ofisi ya kupiga picha za harusi, ni hivyo hivyo. Neno "familia" halifuti kitu.

Ushahidi? Miamala ya mshahara kwenye simu ipo. Meseji za "umefungua duka?" zipo. Ile meseji ya kumfukuza ipo. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ushahidi wa kielektroniki unapokelewa, ilimradi uonyeshe ulivyotunzwa na kwamba haukuchezewa. Ndiyo maana mtu mwenye akili hafuti chati wala habadilishi simu kwa hasira.

Na kwenye kesi ya kuachishwa kazi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Hapa yule binti ana ahueni moja kubwa: kinga hii inamhusu aliyefikisha miezi sita kazini, na yeye ana miaka mitatu.

SIKU 30, SIYO POSTI 30

Sasa kuna upande wa pili, na hapa wanaomtetea binti nao wana kesi ya kujibu. Wengi walimwambia: "Funguka! Mwanike! Tuma skrinshoti zote, mtandao utakupa haki yako."

Kuna kaka mmoja, mhariri wa video, aliyesikiliza ushauri kama huo. Alifukuzwa kwenye kampuni ya staa mmoja wa muziki bila notisi wala kikao. Akaamua kufunguka. Kila wiki anadondosha kipande: sehemu ya kwanza, ya pili, ya tano. Akatrendi. Akaitwa kwenye mahojiano. Akapata wafuasi. Mwezi wa tano watu walipochoka ndipo akakumbuka kwenda CMA.

Akakuta mlango umejaa kufuli. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu uachishwe. Migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Ukichelewa lazima uombe kuongezewa muda na ueleze sababu ya maana. Sasa yeye angeandika nini? "Nilikuwa natengeneza maudhui"? Maombi yake yaligonga mwamba, na staa wake anaendelea kutoa video, zimehaririwa na mtu mwingine.

Hiyo ndiyo bei ya kiki. Mabosi wenye mawakili wanaijua kalenda hii vizuri kuliko wewe. Kuna wanaokupigia kila wiki: "Vumilia tutakaa tuongee, usiharakishe." Wiki nne za kuvumilia zikiisha, simu haipokelewi tena.

Na kumwanika bosi kuna hatari yake. Ukiandika jambo usiloweza kulithibitisha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na madai ya kashfa yapo. Unaingia mtandaoni ukiwa mlalamikaji, unatoka ukiwa mshtakiwa. Hapo bosi hahitaji tena kujibu kwa nini alikufukuza, kesi imeshageuka kuwa yako.

Binti wa duka la mawigi hakuposti hata neno moja. Siku ya 19 tangu meseji ile, fomu yake ilikuwa CMA na nakala ilikuwa mezani kwa bosi. Ndiyo maana bosi kalia. Angekuwa ameposti, bosi angecheka na kuongeza wafuasi.

"WAKILI NI WA MATAJIRI"

Ukweli usemwe: CMA huhitaji wakili ili uingie. Sheria inakuruhusu kwenda mwenyewe, au na mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi, au na mtu binafsi uliyemchagua, au na wakili. Kwa mgogoro mdogo wa mshahara wa mwezi mmoja, mtu anaweza kujisimamia.

Lakini angalia kilichompata huyu binti. Siku chache baada ya bosi kupokea fomu, ilikuja barua yenye nembo ya ofisi ya mawakili. Ndiyo, bosi lady aliyelia kwamba kuweka wakili ni roho mbaya tayari alikuwa na wake! Barua ilimpa ofa: 500,000 "kwa nia njema", asaini na asidai tena chochote.

Mtu mwenye mimba, hana kazi, kodi inakaribia. Laki tano ni pesa. Angekuwa peke yake angesaini siku hiyo hiyo na kushukuru.

Wakili wake akachukua kalamu. Notisi kwa mtu wa mshahara wa mwezi ni siku 28, karibu mshahara mzima. Kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, kwa hiyo yeye ana siku 21, zaidi ya laki mbili na nusu. Hayo mawili tu yanavuka laki sita. Bado likizo ambazo hakupewa, bado ovataimu, bado fidia ya kuachishwa isivyo halali na kwa ubaguzi, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. "Nia njema" ya bosi haikutosha hata kulipa yale ambayo hayana ubishi.

Ndiyo kazi ya wakili hiyo. Watu wanadhani wakili ni kupiga kelele mahakamani na joho jeusi. Kumbe kazi kubwa ni kukuzuia usisaini ujinga. Maana ukishasaini makubaliano mbele ya msuluhishi, imekwisha hiyo. Hakuna kurudi kesho kusema ulikuwa na njaa.

Kazi nyingine ni ile fomu. Madai unayoyaandika mwanzo ndiyo yanayokubeba mbele ya safari. Mtu anaandika "nadai mshahara", anasahau likizo, anasahau ubaguzi, anasahau hata cheti cha utumishi ambacho ni haki yake. Na sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho mwaka 2025, kwa hiyo zile hesabu za fidia unazosevu TikTok zinaweza kuwa zimepitwa na wakati.

CHUNGA KISHOKA

Wale wanaosema mawakili nao wanakula watu hawajakosea sana. Wapo. Na kuna vishoka, watu wenye tai na begi wanaozunguka nje ya ofisi za umma wakijiita mawakili. Wanakula "hela ya kufungulia faili" na siku ya kesi simu imezimwa. Kufungua mgogoro CMA hakuna ada, kwa hiyo anayekudai ada ya tume ameshajitambulisha.

Kumkagua wakili ni jambo la dakika mbili. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni wa e-Wakili, unaandika jina unaona kama yumo na kama leseni yake ya mwaka iko hai. Watu wanakagua eksi wa mpenzi wao mpaka mwaka 2014, lakini wanampa mgeni laki tatu bila kumkagua jina!

Ukikutana naye muulize kazi za ajira amefanya kiasi gani, maana wakili mzuri wa viwanja anaweza asiijue CMA. Muulize malipo yake yanaishia wapi: usuluhishi tu, au na uamuzi, au mpaka Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi? Andikeni makubaliano, na udai risiti. Na usitegemee bosi akushike mkono kwenye gharama: CMA haitoi amri ya kulipana gharama isipokuwa upande mmoja umefanya mchezo wa kusumbua tu. Wakili anayekuahidi kwamba "bosi atalipa kila kitu, na ushindi upo mfukoni" mwage hapo hapo.

Huna hela kabisa? Tangu mwaka 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wapo, TAWLA, chama cha mawakili wanawake, wapo. Binti wa duka hakuuza figo. Alianza kwa kuomba msaada, akapangiwa mtu. Kama upo Zanzibar, kule sheria ni nyingine, Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo tafuta wakili wa kule na usibebe siku 30 za Bara.

MABOSI NAO WASIKIE

Siyo kila anayeshtaki ana haki. Wapo wafanyakazi wezi na wapo wanaokwenda CMA kumkomoa bosi. Bosi mwenye haki ana njia nyeupe kabisa: mwandikie tuhuma zake, mpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aje kwenye kikao na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama chake, asikilizwe, upewe uamuzi wa maandishi. Ukifanya hivyo huna haja ya kulia laivu. Unapeleka faili tu.

Bosi anayelia mara nyingi ni yule asiye na faili. Kwa hiyo anakimbilia kwa mashabiki wamhukumu binti kabla msuluhishi hajafungua mdomo. Ukweli ni kwamba wakili aliyemwogopesha si wa binti. Ni wake mwenyewe, aliyemwambia faraghani kwamba ile meseji ya WhatsApp ni msumari.

Na kuna mchezo mwingine unaokuja mjini kwa kasi: "Andika barua ya kuacha kazi mwenyewe, itakulinda CV yako." Usiandike ukiwa na hasira wala hofu. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kulazimishwa kuacha kazi kwa kufanyiwa visa visivyovumilika, lakini ukishasaini barua hiyo, kazi ya kuthibitisha hivyo visa ni yako. Piga picha kila kitu, sema utajibu kesho, nenda kaulize kwanza.

TIMU BOSI, TAZAMENI MISHAHARA YENU

Waliomchamba yule binti ni akina nani? Wauza maduka, wasusi, mameneja wa kurasa, madereva, wasaidizi wa maofisini. Watu wenye mshahara wa simu, wasio na mkataba, wanaofanya kazi saa 13 kwa watu wanaowaita "dada" na "kaka". Leo wanampigia makofi bosi wa mwenzao. Meseji ya mistari miwili ikiingia kwenye simu yao kesho, yule bosi lady hatawajua hata majina, wala hatoingia laivu kwa ajili yao.

Tarehe ya usuluhishi imeshapangwa. Bosi akitokea, watazungumza. Asipotokea, msuluhishi ana mamlaka ya kuamua shauri bila yeye. Binti, kwa wanaomfahamu, amekaa kimya nyumbani kwa mama yake, miguu imevimba, anahesabu wiki za kujifungua. Simu yake ina skrinshoti zote na hajamtumia mtu yeyote zaidi ya wakili.

Haya wadau, ingieni kwenye simu zenu. Ule mshahara wa mwisho mna ushahidi nao? Likizo yenu ya mwisho ilikuwa lini? Na kama mmeachishwa hivi karibuni, leo ni siku ya ngapi?

Timu Bosi na Timu Binti, uwanja ni wenu hapo chini. Tiririkeni, ila matusi hapana.